Kitanda cha Nelima Juu ya Pikapu

Nelima alikutana na kitanda chake barabarani. Kilikuwa kimepinduliwa juu ya pikapu nyeupe, miguu imeelekea mbinguni, kimefungwa kamba pamoja na godoro, kabati la vyombo na jiko la gesi. Pikapu yenyewe ilikuwa imeziba njia nyembamba ya Sarang'ombe, Kibera, na watu walipita kwa ubavu wakilalamika. Nelima alikuwa anatoka soko la Toi na furushi la kitambaa kichwani. Mwanzo alidhani kuna mtu mwingine mwenye shuka la maua ya zambarau kama lake. Kisha akamwona binti yake Celine, wa miaka minane, ameketi kando ya dereva akila mandazi.

"Mama Celine!" Annet, jirani yake, alikuja mbio na ndoo iliyojaa sufuria. "Hongera, dadangu! Sisi wengine tutabaki huku tukiwaona kwa mbali."

"Annet, vitu vyangu vinaenda wapi?"

"Si Satellite! Daktari alinipigia simu. Akasema ni sapraizi, tupakie kabla urudi."

"Na wewe ukapakia."

"Nikapakia vizuri! Hata vikombe nimefunga na gazeti."

Nelima aliliteremsha furushi polepole. Angeliteremsha kwa haraka, angemrushia mtu.

Daktari huyo aliitwa Nderitu Kinyanjui. Kwao walikuwa wenyeji wa Kawangware tangu babu yake alipolima viazi mahali ambapo leo pamesimama ghorofa, na ploti zao zilifika hadi ndani ya Riruta Satellite. Alikuwa na kliniki yake, gari kubwa, na miaka arobaini na kitu bila mke. Nelima alimjua mwaka uliopita alipoitwa kupima madirisha ya kliniki hiyo, kwa maana kazi yake ilikuwa kushona mapazia katika kibanda chake mtaani Olympic. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo alikwenda na Celine. Mtoto akaanza kukohoa. Daktari aliyekuwa akipita alisimama, akapiga magoti sakafuni na suruali yake ya maana, akamsikiliza kifua.

"Huyu ana pumu," alisema. "Nani amekuwa akimpa dawa ya kikohozi tu?"

Nelima alikasirika kwanza, akampenda baadaye. Mtindo huo ndio uliokuja kuwa desturi yao.

Si kwamba Nelima alikuwa anatafuta mume. Lusweti, baba ya Celine, alikuwa amerudi Kitale mtoto akiwa hajaanza kutambaa, akaoa huko huko. Tangu siku hiyo Nelima aliamua kila kitu peke yake: shule, kanisa, chakula cha jioni, hata upande wa kulaza kichwa. Nderitu alipoanza kupita kwenye kibanda na matunda, Nelima alimwona ni mtu mpole mwenye haraka. Alicheka kwa sauti. Alimsikiliza Celine akisimulia katuni tangu mwanzo hadi mwisho bila kutazama simu. Mwanamume wa namna hiyo si rahisi kumfukuza.

Shida ni kwamba habari zilienea. Mlango wa Nelima ukageuka kliniki. Watu walimletea miguu iliyovimba, picha za eksirei, na maswali ya vidonda vya tumbo. Kuna mzee alimkuta anafua nguo, akapanua mdomo pale pale ili aonyeshwe jino, na alipoambiwa Nelima si daktari alijibu, "Lakini si mnaongea?" Mama yake naye alipiga simu kutoka Kimilili karibu kila siku akiuliza siku ya posa. Kanisani walimpigia makofi kwa jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Sasa hili la pikapu.

Dereva alikuwa Mutunga, aliyeendesha magari ya kliniki. Alipoona uso wa Nelima aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye usukani. "Madam, mimi nimetumwa tu."

"Shusha vitu."

"Nishushe wapi?" Mutunga alionyesha kwa kidevu.

Mlangoni pa nyumba yake alisimama Muchiri, msimamizi wa nyumba zile za kupanga, akibadilisha kufuli. "Mama Celine, pole, lakini nyumba imeenda," alisema. "Daktari alisema mnatoka. Kuna kijana wa boda anaingia leo. Ako na bibi na mtoto mchanga, siwezi kuwarudisha."

"Muchiri, nani anaishi hapa, mimi ama daktari?"

"Ulikuwa unaishi wewe."

Nelima alipiga simu. Nderitu alishika mara moja, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyengoja simu hiyo tangu asubuhi.

"Umeona?"

"Nimeona kitanda changu kikiwa barabarani."

"Nelima, ule ukuta wa nyuma unalia maji. Una ukungu mweusi mpaka juu. Mtoto mwenye pumu halali pale. Nilikuambia."

"Uliniambia. Nikasema nini?"

"Ulisema utafikiria."

"Sasa?"

"Nikaona nikusaidie kufikiria."

Nelima alifumba macho. Celine aliteremka akaja kumshika sketi.

"Utaipenda," Nderitu aliendelea. "Ni kwa ploti ya mum, ghorofa ya pili, jua linaingia kutoka asubuhi. Kila kitu kiko. Hata mapazia nimenunua."

Annet, aliyekuwa akisikiliza bila kujificha, alifunika mdomo.

"Umenunua mapazia," Nelima alisema.

"Ya krimu. Yako na maua kidogo."

Nelima alikata simu. Aliingia kwenye pikapu, akampakata Celine, akamwambia Mutunga aende Satellite, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda, na kwa sababu alitaka sana kumwona mtu ana kwa ana.

Aliyemkuta hakuwa Nderitu. Alikuwa Wamuyu, mama yake, amevaa gambuti, anachuma sukuma katika kipande cha shamba kilichobaki kati ya ghorofa mbili. Walikuwa wameonana mara moja tu, kliniki, na Wamuyu alimsalimia siku hiyo kama mtu anayepokea karanga mbovu. Beth, nesi wa pale, alimwambia Nelima baadaye kwamba mama huyo aliuliza wazi kama wanawake wa Kibera wamekosa wanaume kwao.

Wamuyu aliitazama pikapu. Alikitazama kitanda. "Nini hii?"

"Ni nyumba yangu, Mama," Nelima alisema. Alikuwa amechoka mno kutafuta maneno mazuri. "Kijana wako amenihamisha nikiwa sokoni. Sikuulizwa. Nilikokuwa nikikaa kumeshaingia mtu."

"Anakuhamishia wapi?"

"Hapa. Ghorofa ya pili."

"Ile nimewekea mpwa wangu? Anakuja Jumatatu!" Wamuyu aliangusha kikapu. "Ngai! Huyu mtoto! Huyu mtoto ataniua!"

Nelima alijiandaa kutukanwa. Lakini hasira ya mama huyo ilipita kando yake kama upepo, ikaelekea barabarani, upande wa kliniki.

"Unajua nilikuwa na ng'ombe?" Wamuyu aliuliza. "Wawili. Hapo nyuma. Nilienda kanisa Jumapili, nikarudi, hakuna ng'ombe. Anasema magoti yangu yamechoka kukamua. Kweli yamechoka! Lakini si ni yangu? Halafu chumvi. Ametoa chumvi kwa nyumba. Na Becky, ule msichana wa kwanza, unajua kwa nini alikimbia? Alichaguliwa mpaka viatu vya harusi. Akaenda Canada. Mimi hata sikumlaumu."

Aliokota kikapu, akawaita ndani wote, na Mutunga pia. Alichemsha chai ya maziwa, akatoa sukari kutoka ndani ya debe la unga, mahali alipoificha. Celine alipewa ndizi na kitambaa kikavu cha kujifuta matope.

"Nitakuambia ukweli," Wamuyu alisema wakiwa wameketi. "Sikukupenda. Nilisema huyu anataka ploti."

"Mimi nataka kitanda changu kishuke kwa gari, Mama. Saa hii sina haja nyingine."

Wamuyu alicheka mpaka akakohoa. Haukuwa urafiki bado, lakini alimwongezea chai bila kumuuliza. Nelima aliyaona hayo, akajua tabia ya Nderitu ilitoka wapi.

Nderitu alifika alasiri akiwa na funguo zilizofungwa utepe mwekundu. Alipoona pikapu haijapakuliwa, na wanawake hao wawili wamekaa kwenye kochi moja, tabasamu lake lilianza kupungua.

"Mbona hamjapanda juu?"

"Juu kuna mpwa wangu," mama yake alisema.

"Mum, nilikuwa nikwambie—"

"Lini? Baada ya kuniuza mimi pia?"

Nderitu akamgeukia Nelima. "Tuongee nje."

"Tuongee hapa. Leo umeongea na Annet, na Muchiri, na Mutunga. Niliyebaki ni mimi tu."

Nderitu aliweka funguo mezani. Alikaa. Kwa muda hakuonekana kama daktari wala mwenye ploti, bali mtu aliyeamka mapema kwa furaha na sasa hajui aiweke wapi.

"Unakumbuka Aprili, ile jioni ulimleta Celine midomo imebadilika rangi?" aliuliza taratibu. "Wewe uliona nikifanya kazi. Hukuona nilivyokaa chooni nikilia baadaye. Siwezi kungoja mtu akifikiria na mtoto hapumui. Nimeona watoto wa aina hiyo. Sitaki awe huyu."

Nelima alikuwa na maneno makali tayari, na yote yakapoteza makali. Hilo ndilo lililomchosha zaidi kuhusu mwanamume huyu: alikuwa na makosa, na alikuwa na haki, kwa wakati mmoja.

"Ukuta ni mbaya," alisema. "Nimeusugua na dawa ya jiki mpaka mikono ikababuka. Unafikiri silali nikimsikiliza? Nilikuwa nimeshaanza kuulizia nyumba Olympic."

"Hukuniambia."

"Nilikuwa nitakuambia ikishapatikana. Nderitu, nisikilize. Nikihama kwa nyumba yako, halafu siku moja uchoke na mimi, nitarudi wapi na huyu mtoto? Ile nilikuwa nayo, mbaya hivyo hivyo, funguo ilikuwa yangu. Na leo umepeana."

"Siwezi kuchoka na wewe."

"Hata Lusweti alisema hivyo, na yeye hakuwa mtu mbaya."

Nderitu alifungua mdomo, akaufunga. Mama yake alimtazama kwa mshangao. Pengine hakuwahi kuona tendo hilo.

"Unanipenda?" Nderitu aliuliza, mbele ya mama yake, mbele ya Mutunga aliyejifanya anasoma kalenda ya ukutani.

"Nakupenda," Nelima alisema kwa hasira. "Kama nisingekupenda ningekuwa nimeshakusahau saa nne asubuhi, pale barabarani. Mutunga, tafadhali, tuende Olympic kwa dada yangu."

Nasambu, dada yake, alikuwa na vyumba viwili, mume mmoja na watoto watatu, na hakufurahi kuona kabati la vyombo. Nderitu aliwafuata kwa gari lake. Ndiye aliyekipandisha kitanda ngazini pamoja na Mutunga, akipumua kwa shida, akilalamika kwamba kitanda kimetengenezwa kwa mbao za daraja. Alikisimamisha koridoni, akaaga, akaondoka. Kwa mara ya kwanza hakupendekeza lolote.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Celine alilala na binamu zake, miguu ya huyu usoni mwa yule. Nelima alishona mchana, na jioni alizunguka akiulizia nyumba. Hakushika simu za Nderitu isipokuwa zile za dawa ya mtoto. Mwishowe alipata chumba na sebule huko huko Olympic, ghorofa ya tatu, kuta kavu, dirisha lililotazama mashariki. Alilipia yeye, akachukua funguo yeye, na siku ya kuhama ndipo alipompigia.

"Unaweza kuja kusaidia," alisema. "Ukipenda."

Alikuja na jinzi kuukuu. Na hapo ukaanza msiba mpya, kwa sababu Nderitu alikuwa ameamua kujifunza kuuliza, na hakujua kiasi. Aliuliza kama meza ikae hapa au pale. Aliuliza kama anaweza kukaa. Alipiga simu kutoka dukani kuuliza maziwa ya pakiti au ya kupima, kisha akapiga tena kuuliza pakiti kubwa au ndogo. Juma lote lililofuata ilikuwa hivyo hivyo, mpaka Nelima akamfokea pale kibandani mbele ya mteja.

"Sasa unaniuliza kama ukae kivulini! Nderitu, jua linakuchoma wewe, si mimi!"

"Sijui mpaka uko wapi," alijibu, naye sasa amekasirika kweli. "Nikifanya ni makosa. Nikiuliza ni makosa. Niambie mpaka, nitausoma kama mtihani."

Mteja, mama mmoja mnene wa Kanisa la Friends, alisema hataki pazia tena leo, anataka kusikia jibu. Nelima alicheka. Hakutaka, lakini alicheka, na Nderitu akacheka, na mteja akabaki amesimama na kitambaa mkononi.

Walianza upya hapo, polepole, kwa magomvi mengi. Wamuyu alianza kuja Olympic Jumamosi, akapanda ngazi zile za ghorofa tatu akilaani aliyezijenga, akaleta sukuma, akala ugali na mboga yenye chumvi ya kutosha. Kifua cha Celine kilitulia. Si kupona, lakini alikimbia na wenzake bila Nelima kusimama dirishani.

Jumapili moja baada ya kanisa, Nelima alikuwa anamwosha Celine nywele kwenye beseni. Nderitu alikuwa ameegemea mlango, akifungua na kufunga kifungo cha mkono wa shati.

"Nelima, kuna kitu nataka kukuuliza. Hiki ni kikubwa. Si cha maziwa."

Mkono wa Nelima ulisimama juu ya povu.

"Nataka kukuoa. Sijaambia mtu. Mum hajui, Kimilili hawajui, hata Mutunga hajui. Nimekuambia wewe kwanza."

"Mami, sabuni iko kwa macho!" Celine alilia.

"Nyamaza kidogo. Inua kichwa." Nelima alimwagia mtoto maji, akamfuta uso kwa taulo, na alipomaliza uso wake mwenyewe ulikuwa umelowa. "Nitabaki na kibanda changu," alimwambia Nderitu bila kugeuka.

"Sawa."

"Na tutatafuta nyumba pamoja. Wote wawili, kwa miguu, mlango kwa mlango."

"Sawa."

"Na usiseme sawa kwa kila kitu, unaniudhi."

"Basi kwa miguu sitaki," alisema Nderitu. "Nina gari."

"Mami, baridi!" Celine aligonga beseni kwa miguu yote miwili, na maji yakawarukia wote.

"Ndiyo," Nelima alisema, akimfunika mtoto taulo kichwani. "Jibu ni ndiyo. Sasa nipe ile chanuo, usisimame tu hapo."