Dole Gumba la Timiro

Mgeni aliingia saa tisa alasiri, akifuata mbuzi waliokuwa wakirudi kunywa maji, akapita langoni kama mmoja wa wachungaji. Kikoi chake kilijaa miiba na kisigino chake cha kushoto kilivuja damu. Akaenda mpaka kibanda cha kwanza kilichokuwa wazi, akasimama nje.

Ndani alikuwamo Timiro, mjane wa miaka sitini na ushee, na kijana jirani aitwaye Dubow, aliyemwita Eedo, yaani shangazi, ingawa hawakuwa ndugu wa damu. Dubow alikuwa mkalimani wa askari waliolinda kijiji kile kilichozungushiwa seng'enge, kando ya barabara iendayo Habaswein. Mwaka ulikuwa 1967. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji humo ili shifta, wale wapiganaji waliotaka jimbo lile la Wasomali lijitenge na nchi, wasipate pa kula wala pa kulala.

Dubow alikuwa na daftari magotini. Inspekta alikuwa amempa orodha ya maneno ya usalama ayatafutie Kisomali chake: mshukiwa, msako, mtoa habari, kizuizini, eneo la marufuku, kumhifadhi adui.

"Maneno yote hayo," Timiro alikuwa akimtania, "na hakuna hata moja la kuombea mke."

"Nikipanda cheo, Eedo, mke atakuja mwenyewe."

"Na utamsalimuje? 'Simama, toa kipande'?"

Salamu ya mgeni ikakata kicheko chao. Timiro aliitikia, akatandika ngozi, akammiminia maziwa yote yaliyobaki, ambayo ndiyo yangekuwa chakula chake cha jioni. Hakumuuliza jina. Kwao mgeni haulizwi jina wala safari kabla hajashiba na kulala usiku mmoja. Kumuuliza mapema ni kumwambia kwamba maziwa yana bei.

Dubow naye hakuuliza. Agizo alilijua: mgeni yeyote aripotiwe kabla ya filimbi ya kufunga lango, saa kumi na mbili jioni. Alitazama kile kisigino, akatazama orodha yake. Kisha akafunga daftari, akaaga, akajiambia kwamba huenda ni mtu tu aliyepotelewa na ngamia.

Filimbi ilipolia, mgeni alikwisha kuondoka.

Asubuhi yake lori la maji lilikanyaga bomu lililofukiwa mchangani, maili mbili kutoka langoni. Dereva na askari mmoja walikufa. Wafuata nyayo waliona alama za mtu anayechechemea mguu wa kushoto, wakarudi nazo nyuma hatua kwa hatua, taratibu, mpaka zikaishia kwenye ngozi aliyoitandika Timiro.

Dubow ndiye aliyetumwa kumleta. Walipokuwa wakipita, milango ya vibanda ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Hata watoto hawakulia.

"Sitasema kwamba ulikuwepo," Timiro alimwambia bila kugeuka. "Wewe bado una maisha mbele yako."

 Dubow alijisikia nafuu, na nafuu ile ikamtia aibu.

"Ila nakuomba jambo moja. Mimi sijui kusoma. Watanitaka niweke dole gumba kwenye karatasi. Kabla sijaliweka, nisomee kila neno. Usiruke, usilainishe."

"Nakuahidi, Eedo. Wallahi."

"Usiape. Soma tu."

Ofisini, Inspekta alikuwa na macho mekundu. Yeye na yule dereva walikuwa wametoka kijiji kimoja, wakaandikwa kazi siku moja.

"Muulize jina la shifta aliyemlisha."

Dubow akauliza, akapokea jibu. "Anasema hajui, afande. Hakumuuliza. Ndiyo desturi."

"Desturi. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini hata huyo wa jembe tunamjua jina na baba yake."

Timiro alitaka kujua kimesemwa nini, akafasiriwa. "Mwambie kwetu hakuna majembe," akasema. "Kuna njaa ya watu wawili na maziwa ya mmoja."

 Inspekta aliandika kwa muda mrefu, akageuza karatasi, akasukuma kidau cha wino. "Dole gumba."

Karatasi ilisema: *Mshukiwa amekiri kumhifadhi adui akijua ni adui, na amekataa kutaja jina lake.* Kwa maneno kama hayo mtu alipelekwa kizuizini, mbuzi wake wakachukuliwa, na hakuna aliyeambiwa atarudi lini.

"Afande, nimsomee kwanza."

"Mshukiwa hasomewi. Mwambie ni ruhusa ya kurudi nyumbani."

Dubow alisoma. Hakuruka neno. Timiro alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja ngumi, dole gumba likiwa ndani.

"Sikukataa. Sijui. Hayo ni mambo mawili."

Inspekta alipofasiriwa, alimgeukia Dubow polepole. "Kwa hiyo umemsomea. Na unajuaje kwamba kweli hajui? Ulikuwa moyoni mwake?"

Timiro alitikisa kichwa, kidogo sana: usiseme. Njia ya kutokea ilikuwa bado wazi. Ilitosha kusema, sijui, afande.

"Nilikuwepo," Dubow akasema. "Nilikaa kwenye ngozi ileile na yule mtu. Mimi pia sikumuuliza."

Inspekta alivua kofia, akaiweka mezani. "Ulimwona jana mchana. Ungekuja kwangu, dereva wangu angekuwa hai."

"Ndiyo, afande."



Inspekta alichana karatasi ile, akaandika nyingine. Safari hii aliandika *anasema hajui*, na chini yake akaongeza jina la pili. Akaisukuma. "Soma, basi. Si ndiyo kazi yako?"

Nje, lori la kupeleka washukiwa kizuizini Garissa lilikuwa limewashwa, na askari alikwisha kumshika Dubow bega. Dubow alianza juu kabisa, kwa Kisomali, neno kwa neno. Alipofika kwenye *mshukiwa wa pili, Dubow Alio*, alilisoma kama alivyosoma mengine. Askari alimvuta. Akashika ukingo wa meza, akaendelea mpaka tarehe.

Ndipo Timiro akakunjua ngumi, akachovya dole gumba katika wino.