Ng'ombe wa Bura na Skrini Iliyoganda

Efrazia Bura alikuwa na kazi ambayo hakuna mtu kijijini Mogitu aliyeweza kuieleza bila kuchekwa. Mama yake, Oliva, aliwaambia akina mama wa jumuiya kwamba binti yake anatengeneza kompyuta, jambo ambalo si kweli. Baba yake, mzee Bura, alisema anazipangia foleni, na hapo mzee aliukaribia ukweli kabisa, ingawa alikuwa anatania.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani kabisa ya kompyuta kuna programu kuu, wenyewe huiita kiini, inayogawa kila kitu: kumbukumbu, zamu, ruhusa. Kuna pia chipu ya picha, fundi mwenye mkono mwepesi na adabu haba. Programu ikitaka kuonyesha dirisha au video haichori yenyewe. Inampa fundi huyo kazi, kisha inasubiri neno moja tu: tayari. Anayepeleka maneno huku na huku ni draiva, programu ndogo inayoijua lugha ya chipu. Na draiva ikikosea ndani ya kiini haianguki peke yake, inaangusha nyumba nzima. Efrazia aliajiriwa na kikundi cha waandishi wa programu waliotawanyika duniani, aandike sheria za mlangoni: draiva iseme nini na kiini, kwa utaratibu gani, ili hata mwandishi mzembe asipate nafasi ya kukosea. Ukizivunja, draiva yako inakataliwa kabla haijawashwa.

Alizipenda sheria zake zote, ila moja aliipenda mpaka ikawa aibu. Draiva za zamani zilikuwa na uongo. Zilisema tayari wakati picha imechorwa nusu, kumbukumbu ikaachiwa mapema, ukashtukia barua ya mtu inachungulia kwenye dirisha la mtu mwingine. Efrazia akaukata uongo huo. Aliandika kwamba draiva haiwezi kumwambia anayesubiri neno lolote mpaka ikabidhi picha iliyokamilika. Bila picha, hakuna neno. Akaituma kazi hiyo kwa mkaguzi wake, mama mmoja wa Finland ambaye hajawahi kutabasamu hata kwa maandishi, akakaa kungoja sifa.

Jibu lilikuwa mstari mmoja. "Kazi ikifa mikononi mwa chipu, nani anamwambia anayesubiri?"

Efrazia alikasirika, kama tunavyokasirika wote tukiulizwa swali zuri. Alichukua laptop ya majaribio, akaipa chipu kazi ya kuikwamisha makusudi. Chipu ikakwama, kiini kikaizima na kuiwasha upya, yote sawa. Lakini picha ilikuwa imepotea. Draiva haikuwa na cha kukabidhi, kwa hiyo ikanyamaza. Dirisha likaisubiri draiva, programu inayopanga madirisha ikalisubiri dirisha, na skrini nzima ikaganda. Hakuna kilichoharibika mle ndani. Walikuwa wanasubiriana tu.

Siku tatu alihangaika nayo. Akiilegeza sheria, uongo unarudi. Akiikaza, kimya kinabaki.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, nyumbani nako kulikuwa na kimya. Efrazia alikuwa amehamia kwa wazazi mwezi uliopita, kwa kuwa siku hizi mtandao wa Mogitu haupitwi na ule wa Arusha, na alimkuta baba yake amebadilika. Bura alikuwa mtu wa maneno, mtu wa kusalimia hadi mbuzi wa jirani. Sasa asubuhi alitoa kiti nje, akakielekeza kwenye njia inayopanda kutoka barabara ya Katesh, akakaa mpaka jua linakuwa kali. Mnadani haendi tena. Ukimuuliza anafanya nini, anasema anaangalia mahindi, na mahindi yako nyuma ya nyumba.

"Mama, baba anaumwa?" Efrazia aliuliza walipokuwa wakichambua maharage.

"Haumwi. Anamsubiri Gidamis."

Gidamis alikuwa mfugaji wa Kibarbaig, boma lake liko chini tambarare, upande wa Ziwa Balangida. Urafiki wake na Bura uliwashangaza wengi, maana wakulima wa juu na wafugaji wa chini wamezoea kutupiana jicho linapokuja suala la ng'ombe. Lakini Efrazia alipozaliwa na Oliva akakosa maziwa, Gidamis alimleta huku juu ng'ombe aliyetoka kuzaa, akamwacha kwa Bura, akasema mtoto anywe kwanza, mengine baadaye. Efrazia alikuwa darasa la kwanza, mwaka ule mkoa wa Manyara unakatwa kutoka Arusha, ndipo ng'ombe yule aliporudi kwao. Tangu hapo marafiki hao wamekuwa wakiwekeana ng'ombe, huyu kwa yule. Anayewekewa anakunywa maziwa na kupata samadi. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Akifa, aliyekuwa anamfuga humpelekea mwenyewe ngozi, ijulikane kuwa amekufa kweli, hakuuzwa wala hakuchinjwa kwa siri.

"Yule mwekundu mwenye baka jeupe, tuliyemweka kwa Gidamis, amekufa," alisema Oliva. "Miezi mitano sasa. Xavery wa dukani alisikia Katesh, akamwambia baba yako."

"Si baba aende akampe pole?"

"Aende wapi? Mwenye ng'ombe akitokea pale mlangoni, amekuja kudai ngozi. Ni sawa na kumwita mwenzake mwizi. Hawezi."

"Na baba mkubwa Gidamis mbona haji?"

"Ngozi hajaleta." Oliva alipepeta ungo, makapi yakaruka. "Labda hana. Sasa bila ngozi, aje aseme nini?"

Mkono wa Efrazia ulisimama juu ya maharage. Bila ngozi, hakuna neno. Maneno hayo aliyajua. Aliyaandika mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka, akayapeleka mpaka Finland! Alianza kucheka, mama yake akamtazama, kisha kicheko kikamkatika kwa sababu alimwona baba yake kupitia mlangoni, mgongo umeinama kidogo, macho njiani. Miaka yote ya urafiki ilikuwa inakufa hivihivi, na hakuna hata mmoja aliyemkosea mwenzake.

Kesho yake alipanda pikipiki mpaka tambarare. Alimkuta Gidamis amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa boma, amekonda. Mzee alipomwona alisimama haraka, kisha akaonekana kujuta kusimama.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako amekutuma?"

"Hajui kama nimekuja. Nimekuja kukusalimia, nimerudi kukaa nyumbani."

Gidamis akakaa tena. Walisalimiana taratibu, watoto, mvua, malisho, na kila walipofika kwenye mifugo wote wawili waliruka. Mwishowe mzee akauliza, kama mtu anayetafuta njia ya kupumua, kazi ya kompyuta inaendeleaje.

"Nimeharibu, baba mkubwa. Niliweka sheria kwamba mtu asilete habari kama hana cha kuonyesha. Nilitaka kuzuia waongo. Kumbe yule mkweli aliyepatwa na msiba naye nimemfunga mdomo. Sasa yeye amenyamaza, anayemsubiri naye amenyamaza, na kioo kizima kimeganda."

Gidamis alichora mistari chini kwa ncha ya fimbo.

"Wamesubiriana kwa muda gani?"

"Miezi mitano," alisema Efrazia.

Mzee hakuinua uso. "Fisi, mwanangu. Alipotea jioni, mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi nilikuta damu na ukwato mmoja. Ukwato ni wa ng'ombe yeyote. Nimpelekee baba yako ukwato, anione mimi mtu wa aina gani?" Akafuta mistari yake kwa mguu. "Hiyo sheria yako, utairekebishaje?"

"Habari itangulie, hata kama ni mbaya. Ushahidi nitamdai yule anayesema amefanikiwa. Aliyefiwa aje mikono mitupu."

"Na wenzako watakubali?"

"Sijui. Lakini anayesubiri ana haki ya kujua."

Gidamis alimwita mkewe alete maziwa, wakanywa, na Efrazia akarudi Mogitu bila kujua kama amefanya jema au amemwaibisha mtu mzima kwake.

Mchana huo aliiandika upya. Draiva ikidai imemaliza, itoe picha, hapo hakulegeza hata nukta. Lakini kazi ikifa, au draiva ikiitupa, au mwandishi wake akiisahau tu, neno litatoka lenyewe kumwendea anayesubiri: imeshindikana. Na kumbukumbu ya picha ile isiguswe na mwingine mpaka ithibitike chipu imeacha kabisa kuandika. Alipoikwamisha chipu tena, dirisha moja lilibaki jeusi kidogo, kisha likachorwa upya, na mengine yote yakaendelea na maisha yao. Asubuhi iliyofuata mkaguzi alijibu: "Hii ni sawa." Efrazia aliisoma mara nne.

Alikuwa anaisoma mara ya tano aliposikia baba yake, huko nje, anakohoa kikohozi cha uongo.

Gidamis alikuwa anapanda njia. Hakubeba ngozi, hakubeba kitu, hata fimbo aliiacha, na mwanamume wa kwao bila fimbo ni kama yuko uchi. Alisimama mbali kidogo na kiti cha Bura, jasho linamtiririka. Oliva alimvuta Efrazia ndani asichungulie, kisha wakachungulia wote wawili.

"Baba Efrazia," alisema Gidamis, "ng'ombe wako amekufa. Fisi walimla. Ngozi sina. Nina mdomo tu."

"Najua kama amekufa," alisema Bura. "Nilisikia wiki ileile."

"Ulijua?" Gidamis alisogea hatua moja. "Basi miezi yote hii ulinidhania nini? Nimemuuza?"

Bura alitikisa kichwa.

"Hilo halikunijia hata siku moja," alisema. "Nilidhani umenichoka."

"Mimi?" Gidamis alisema. "Nikuchoke wewe?"

Akachuchumaa mbele ya kiti, akamshika Bura mikono yote miwili, na wazee wale hawakuachiana hata Oliva alipoleta chai, ikabidi aiweke chini.