Viza za Bibi Muuza Mayai

Bibi Muuza Mayai hakuwahi kutoka ofisi yoyote mikono mitupu, na hilo alimwambia kila mwenye masikio. Halafu akaongeza mwenyewe, hata kabla ya kuulizwa, kwamba ofisi alizowahi kuingia ni mbili tu, na moja aliingia akitafuta choo.

Kwa hiyo ubalozi ulipotaka mdhamini wa mwombaji afike dirishani mwenyewe, mwombaji alikosa usingizi. Mwombaji ndiye mjukuu wake. Binti alikuwa anasomea ufundi wa meno bandia, na chuo kimoja ng'ambo kilikuwa kimemkubali akajifunze huko kwa wiki sita. Wiki sita tu, kisha arudi kumalizia mwaka wake wa mwisho. Wenzake wawili darasani walikwisha kunyimwa viza, na sababu ilikuwa moja: afisa hakuamini kwamba wangerudi. Naye hakuwa na mdhamini mwingine ila huyo bibi mzaa mama, aliyemlea na kumsomesha kwa mayai, na ambaye mdomo wake hata daktari wa meno aliwahi kushindwa kuufanya utulie.

Njiani alimsihi ajibu kwa ufupi: ndiyo au hapana, basi.

"Mke mwenzangu, nimesikia," Bibi akasema.

Kusikia hakujawahi kumpa Bibi shida. Kutii ndiko kulikomshinda.

Chumba cha kusubiri kilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, kana kwamba wageni wa pale wana tabia ya kuondoka navyo. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo. Watu walikaa kimya wamekumbatia bahasha zao kama vichanga, hata Bibi akauliza, kwa sauti ya sokoni, nani amefariki.

Walipoitwa, walimkuta afisa nyuma ya kioo kinene, kijana mgeni mwenye miwani, Kiswahili chake cha darasani kimepigwa pasi mpaka hakina mkunjo hata mmoja. Mazungumzo yalipitia kwenye kipaza sauti, kwa hiyo kila lililosemwa dirishani lilikuwa mali ya chumba kizima.

Akauliza habari za biashara. Kuku ni wake? Ndiyo. Anao wateja wa kudumu? Ndiyo. Ana deni? Hapana. Mjukuu akaanza kupumua. Afisa akafunua ukurasa.

"Na wewe mwenyewe, Bibi, umewahi kupata viza?"

Sasa, msafiri akisikia viza anawaza ndege. Muuza mayai, tena aliyetoka kuulizwa habari za kuku, anawaza yai lililooza. Bibi alihisi damu inampanda kichwani: kumbe wateja wake wamekuja kumsema mpaka huku.

"Nani amekwambia?"

"Ni swali la kawaida."

"Basi, napata moja moja. Nani asiyepata? Hasa wakati wa joto."

Afisa aliandika. "Zinatoka kwa nani?"

"Kwa kuku."

Afisa aliacha kuandika. Akauliza, polepole, viza hizo alizifanyia nini.

"Natupa shimoni. Ulitaka nimuuzie mtu viza? Mimi si mwizi, bwana. Jirani yangu ndiye anayeuza, tena anachanganya na nzima ukienda jioni."

Nyuma yao mtu alicheka mpaka bahasha ikamdondoka. Afisa hakucheka, mkono wake ulikuwa umekwisha fika kwenye simu, maana jirani anayeuza viza jioni si jambo la kuachiwa. Mjukuu ikabidi aingilie, aeleze, aeleze tena, na mwisho achore yai nyuma ya bahasha na mistari ya harufu juu yake. Afisa alilitazama yai, akamtazama Bibi. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo. Lakini alijikaza, akaweka simu chini, akarudi kwenye lile swali lililowamaliza wale wenzake wawili: nini kitamrudisha binti huyu nyumbani?

Mjukuu akataja mwaka wa mwisho na barua ya mkuu wa chuo. Afisa akasema barua kila mtu anayo, na kalamu yake ikaanza kushuka.

Bibi aliiona ile kalamu. Hapo hapo macho yake yakaingia giza. Akaanza kupapasa kaunta kama anayetafuta kiberiti umeme ukikatika.

"Mwanangu," alisema, na sauti nayo ikawa imezeeka ghafla, "mimi sioni. Huyu ndiye macho yangu. Asiporudi huyu, nitawalisha kuku mchanga, na mchele nitaumwaga."

Mjukuu alifungua mdomo. Bibi akamfinya, na kwa kipofu, alipata pa kufinya bila kupapasa. Mdomo ukafungwa.

Kalamu ya afisa ikasimama. Labda naye alikuwa na bibi yake mahali. Akawaambia wasubiri, na Bibi akaongozwa mpaka kitini, akijigonga kwenye kila kiti ili kazi isiwe nusunusu. Walipoitwa tena, pasipoti ilisukumwa chini ya kioo.

"Wiki sita," afisa alisema. "Umrudie bibi yako."

Binti aliifunua. Viza ilikuwa imebandikwa, na juu yake picha yake, ndogo kama stempu. Bibi akanyoosha shingo, akachungulia.

"Wee mke mwenzangu, hizo si hereni zangu?"

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi. Binti aliitia pasipoti kwenye mkoba na kuvuta zipu mpaka mwisho. Afisa alivua miwani, akasogea hata pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Bibi, umezionaje?"

Bibi aliyarudisha macho gizani, akaanza kupapasa upya, safari hii akipapasa hewa.

"Nimezijua kwa mlio," alisema.

"Hereni za pichani?" afisa akauliza.