Kompyuta Iliyovishwa Nguo

Akilimali alitaka tukishaoana tukae Bukavu. Mimi nilitaka tukae Kamembe. Tulibishana miezi, yeye kwao Nguba, mtaa wa Bukavu, upande wa Kongo, mimi huku kwetu Rwanda, ziwa katikati, mpaka simu zikawa zinachoma sikio. Mwishowe, kwa kuwa tulijuana kwenye mchezo wa kompyuta wa mbio za magari na hakuna kitu kingine tunachokiheshimu sawasawa, tukakubaliana: mbio moja, mizunguko mitatu, kila mtu kwenye mashini yake. Akishinda yeye, nahamia Bukavu. Nikishinda mimi, yeye anavuka daraja la Ruzizi na mabegi yake. Wakubwa wa pande zote mbili walisema tumerukwa na akili. Hawakukosea.

Msidhani nilibisha kwa kupenda kubisha tu, ingawa napenda. Nilikuwa na Koko. Koko Mukankusi ni mama ya mama yangu, ndiye aliyenilea, na nyumbani tuko wawili. Kumwacha peke yake, eti nitakuja kumsalimia nikipata nafasi? Aa, mnisamehe. Yeye hakuwahi kuniambia nibaki. Kila asubuhi aliuliza tu kama huko Bukavu wanajua kupika sombe, majani yetu ya muhogo.

Laptopu yangu ni ya michezo, nzito hiyo, na niliinunua kwa ajili ya kazi: nachora mabango ya arusi na matangazo ya maduka. Kazi ikilala, magari yanaamka. Sasa, ilipobaki kama mwezi mmoja kufika siku ya mbio, ikaingiwa na wazimu. Naingia kona ya kwanza vizuri, ya pili vizuri, halafu picha zinakatikakatika, gari linaruka kama chura, feni inapiga kelele, kioo kinakuwa cheusi. Nikaweka kipimo cha joto pembeni ya kioo. Kadi ya picha, ile ambayo mafundi wanaiita karti grafiki, ilikuwa inafika digrii tisini na saba. Yaani weka majani, unywe chai.

Nikaiinua juu ya bakuli mbili ili ipate hewa chini. Nikaihamishia dirishani. Nikaipepea kwa kipepeo cha makaa mpaka majivu yakaingia kwenye vitufe. Nabintu, jirani yetu anayevusha samaki kila siku kati ya hapa na Bukavu, akanipa mfuko wa barafu niuweke chini yake. Kwa nusu saa nilikuwa bingwa wa dunia, kisha barafu ikayeyuka na meza nzima ikanuka sambaza, wale dagaa wa ziwa letu. Niliitukana mashini ile kwa lugha zote nilizo nazo, na sisi wa mpakani lugha hazitupungui.

Basi nikakaa chini nikaifungua. Nilitegemea vumbi. Nilikuta nyuzi. Zilikuwa zimejisokota kwenye feni na kuziba matundu yote ya kutolea joto, laini, nene, rangi ya waridi. Nikainua macho. Redio yetu imevaa waridi. Televisheni imevaa waridi. Termosi, frigo, migongo ya viti, hata chupa ya gesi ina sketi ya waridi. Koko anafuma, na kwake yeye kitu cha thamani kukaa bila kitambaa ni sawa na mgeni kukaa bila kiti. Laptopu nayo alikuwa ameifumia chake, na kila nilipoiacha inafanya kazi peke yake, alikuja taratibu akaifunika mpaka pembeni, akaipigapiga mgongo, ilale.

Hasira yangu haikai mbali. Nilimwendea na lile donge la nyuzi mkononi, nikasema maneno mengi kuliko yaliyohitajika: kwamba atanipotezea mbio, kwamba nitaishia Bukavu kwa sababu ya kitambaa. Koko alilipokea donge, akalichunguza kwa miwani, akauliza kwa upole kama ni kweli uzi mdogo hivi unaweza kusimamisha gari. Nikamwambia ndiyo. Akauliza, na ukiwa uzi mnene, wa sufu? Nikamwambia huo ndio unaua upesi zaidi. Akasikitika sana, maskini, akarudi kwenye kiti chake. Siku ile ile alianza kufuma kitu cha kijani, kinene, nami nikadhani ni cha kochi.

Akilimali nilimsimulia kwenye simu, nyuzi na feni na sketi ya chupa ya gesi, akacheka mpaka akapaliwa. Kisha nikaisafisha feni kwa mswaki, nikapangusa ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya kadi, nikapaka mpya, nikafunga. Niliwasha, nikalikimbiza gari mizunguko mitatu bila huruma, na kipimo kikakaa kwenye sabini na mbili. Jamani! Nilicheza rumba peke yangu na ufagio. Nilimkumbatia Koko, nikamwomba radhi kwa ukali wangu, naye akanisamehe haraka mno. Haraka ile ingenishtua, lakini nani alikuwa na nafasi ya kushtuka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya chakula. Koko alikaa pembeni yangu amevaa kitenge chake cha arusi. Nabintu alikuja pia, akaketi karibu na mlango, na kila nilipomtazama alitazama viatu vyake.

Mzunguko wa kwanza Akilimali aliniacha. Anazijua kona, sitamnyima haki yake. Wa pili akaniacha zaidi, na mimi nikaanza kuona nguo zangu zikipangwa kwenye sanduku na Koko akila sombe yake peke yake mezani. Machozi yalinijia. Halafu, mwanzoni mwa mzunguko wa tatu, gari lake jekundu likatetemeka. Likaruka. Likasimama katikati ya barabara, likaenda, likasimama tena. Niliujua ugonjwa ule, niliuuguza mwenyewe. Nikampita, nikafika mwisho sina wa kushindana naye, Nabintu akapiga vigelegele, Koko akainuka akacheza na magoti yake mabovu, nami nikapanda juu ya kiti nikaliita jina la Kamembe mpaka mbwa wa jirani wakanijibu.

Simu ikalia. Alikuwa Akilimali, kwa video, jasho usoni na kicheko mdomoni. Akaigeuza simu nione mashini yake. Kioo kilikuwa cheusi, imezimika. Na ilikuwa imevaa. Kitambaa cha kijani, kinene, chenye maua pembeni, kilichoachiwa dirisha la vitufe tu na kushuka pande zote mpaka mezani, hakuna tundu lililosalimika.

Nikageuka. Koko alikuwa ameshaketi, anatafuta kitu kwenye mfuko wake wa nyuzi. Nabintu alikumbuka kwamba ana samaki wanaoharibika, akatoka. Koko akasema, bila kuinua uso, kwamba alimtumia mkwe wake zawadi kupitia Nabintu, na mkwe mwenye adabu huitumia zawadi ya wakubwa. Sasa kosa liko wapi?

Aibu iliniwasha mwili mzima. Nikamwambia Akilimali mbio hizi hazihesabiki, akitoe kitambaa, mashini ipoe, turudie. Nilisema hivyo huku moyo wangu ukikataa kila neno.

“Haturudii,” akasema. “Gasaro, ni wewe uliniambia nyuzi zinafanyaka nini. Nabintu alipoleta hii kitu, nilijua palepale.”

“Sasa uliivalisha ya nini?”

Akaigeuza simu, nikaona uso wake tena.

“Koko amefuma siku zote hizo, na ile macho yake inaumaka, sababu hataki uende. Ningeitoa na mukono gani?”

Nililia na kucheka kwa pamoja, na nilimpenda yule mwanaume mpaka kifua kikaniuma.

Koko aliacha kutafuta nyuzi. Alivua miwani, akaipangusa kwa kitenge, akaivaa, akaninyang'anya simu. Alimtazama mkwe wake muda mrefu, na mkwe wake akamtazama.

“Mutoto yangu,” akasema, “ivue nguo hiyo mashini. Iko inasikia joto.”