Msiba Hauulizwi Upepo

Fungu lile la msimbo wa kompyuta lilikuwa na mistari mia tatu na kumi na mbili, na Paskazia alikuwa amekaa nalo siku tisa kama mtu aliyeozeshwa kwa lazima. Jina lake ruhusuKuondoka. Kazi yake moja tu: boti ya abiria ikitaka kutoka gatini, fungu linaulizwa, nalo linajibu kwa rangi. Kijani, boti inaondoka. Nyekundu, boti inabaki. Kazi hiyo, ungedhani, hata jogoo mwenye adabu angeiweza.

Otuoma, mwenye ofisi, ndiye aliyelizaa miaka sita iliyopita, wenye boti wa gati dogo upande wa Igogo, jijini Mwanza, walipomwomba programu. Siku hizo lilikuwa na maswali manne, tena mafupi. Kama abiria wamezidi. Kama maboya hayatoshi. Kama ratiba imepita. Kama upepo ni mkali. Halafu watu wakaanza kuja na shida zao. Walimu wakaja: watoto wa mtihani wasicheleweshwe. Watu wa zahanati wakaja: mgonjwa mahututi asizuiwe na ratiba. Wachuuzi nao wakaja, siku ya mnada ina mambo yake. Kila aliyekuja na uso wa huzuni aliondoka na "kama" yake, na Otuoma, ambaye kwa sura ni mkali lakini moyoni ni uji, aliichomeka mle mle ndani ya fungu, "kama" juu ya "kama". Miaka sita ya huruma ikaota kichaka.

Kukipima kichaka cha namna hiyo hakuhitaji shahada. Unaanza na moja, kisha kila unapokuta njia panda unaongeza moja. Ikipita kumi, wenye akili huketi wakaligawa fungu. Paskazia alihesabu siku ya kwanza akapata arobaini na tatu. Akanywa maji, akahesabu upya. Arobaini na tatu.

"Hii si programu, mzee," alimwambia Otuoma. "Hii ni stendi ya Nyegezi Jumatatu asubuhi."

"Stendi hiyo ndiyo inayokulipa mshahara, binti. Ipange. Usiibomoe."

Angekuwa Paskazia wa zamani, angebomoa. Yule wa zamani, akiwa Bukoba na cheti kibichi mkononi, alilifumua fungu la namna hii kwa siku moja, akalifuma upya likapendeza kama kitambaa cha mezani, na juma lililofuata, fungu likiwa limevunjika kazini, alikuwa anauza vocha chini ya mwavuli. Mwavuli ule ulimfundisha kuliko chuo. Safari hii alijiwekea sharti: kabla ya kukata hata tawi moja, kila njia ya kichaka itaandikiwa jaribio lake, ili akishakata ajue kama kitu kimevunjika.

Alhamisi, saa nane mchana, alikuwa kwenye njia ya ishirini na saba. Boti ina jeneza, abiria hawazidi arobaini, upepo umepita kikomo. Akaandika kwamba hapo jibu liwe nyekundu. Akabonyeza.

Kompyuta ikamrudishia kijani.

Akajilaumu yeye kwanza, kwa mazoea. Akabonyeza tena. Kijani. Akaufuata msimbo kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari. Kama kuna msiba, fungu lilikata kona likaingia uchochoro wake. Humo liliuliza maboya. Likauliza idadi ya watu. Watu wakizidi arobaini, liliuliza na upepo. Wasipozidi, lilitokea upande wa pili na kijani chake mkononi, na habari za upepo halikuwa nazo kabisa.

Alifungua ukurasa wa gatini ili ajitulize tu, ajionee kwamba njia kama hiyo hupitwa mara moja kwa mwaka. Boti ya Mapendo, kuondoka saa nane na nusu. Msiba: ndiyo. Abiria thelathini na wanane. Kijani. Pembeni, kipima upepo kilichofungwa kwenye jiwe la nje, kule ghuba inakoishia, kilisoma kilomita arobaini na saba kwa saa. Kikomo ni thelathini na tano.

Saa nane na dakika kumi na moja. Akampigia Shimba, karani wa geti la gati.

"Leo nshomile, msomi wetu wa Kihaya, amekumbuka watu wa chini," Shimba alisema. "Umekosa ndizi huko juu?"

"Mapendo imetoka?"

"Wanapakia. Jeneza limeshaingia, sasa wanagombania nani akae na maua."

"Izuie."

"Kwa rangi gani? Huku kwangu ni kijani mpaka kinang'aa."

"Kijani hicho hakijauliza upepo, Shimba. Kwenye jiwe ni arobaini na saba."

"Dada Paska, hapa maji yametulia, ningeweza kujitazama nikanyoa ndevu."

"Hapo mko nyuma ya kilima. Nje ya jiwe je?"

Shimba aligeukia upande wa jiwe. Alizaliwa kando ya maji hayo. Nje ya jiwe alikujua. "Sikiliza," alisema, na utani ulikuwa umemtoka. "Sheria ya wenye boti unaijua. Kijani hakizuiwi na karani. Zamani tulikuwa tunazuia mpaka tupewe soda, ndiyo maana mkaletewa kazi ya kutuletea rangi. Nimemnong'oneza nahodha, anasema kijani ni kijani, na watu thelathini na wanane wanamtazama kisogo. Nibadilishie rangi. Nikiwa na nyekundu nitasimama hata mbele ya trekta. Bila nyekundu mimi ni mtu mfupi mwenye kofia."

Paskazia hakukata simu. Aliilaza mezani ikiwa hai, akamwita Otuoma, kwa kuwa neno la siri la kupandisha msimbo gatini lilikuwa kwa Otuoma peke yake.

Otuoma alikuja na kikombe cha chai. Akasikiliza akiwa amesimama.

"Mchana hatugusi," alisema. "Mwaka juzi kijana mmoja aligusa mchana. Boti zote nyekundu mpaka jioni. Mtoto wa kidato cha nne akakosa mtihani wa hesabu, baba yake akaja hapa na fimbo ya ng'ombe. Niliwaahidi wenye boti."

"Mzee, zimebaki dakika kumi na tano."

"Na huo uchochoro ninaujua. Niliuandika mimi." Akaketi. "Msiba hauulizwi upepo, binti. Kaka yangu Ogada alipofariki, tulikaa na jeneza pale gatini tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi, juani, fungu langu mwenyewe linaniambia nyekundu kwa kuwa ratiba imepita. Mama akaniuliza, 'Hiki kidude umekiandika wewe?' Usiku ule ule nikaweka njia ya msiba."

"Siku hiyo upepo ulikuwaje?"

"Upepo gani? Hapakuwa na upepo."

"Basi ulitaka kuondoa ratiba. Ukaondoka na upepo pia."

"Sikuuondoa."

"Nioneshe unapoulizwa."

Otuoma akaweka kidole kwenye skrini. Kidole kikaingia kwenye msiba, kikapita maboya, kikapita idadi ya watu, kikatokea kwenye kijani. Kikarudi. Kikaanza tena, polepole, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta funguo alizokuwa nazo sasa hivi. Mara ya tatu kikasimama katikati, na Paskazia akaona kwamba mzee amepotea ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Ile ya arobaini niliiongeza baadaye, nikaufungia upepo humo bila kujua," Otuoma alisema kwa sauti ndogo. "Boti kubwa zililalamika." Akasogeza kiti. "Kata."

Hapakuwa na muda wa kukata kichaka kizima. Paskazia alichomoa swali moja. Akautoa upepo katika pembe zote ulikokuwa umejificha, akauundia fungu lake dogo la mistari sita, upepoUnaruhusu, akalisimamisha mlangoni: kila boti, iwe ya msiba, ya mnada au ya harusi, ikutane nalo kwanza. Akaendesha majaribio yote aliyoandika. Njia ya ishirini na saba ikaja nyekundu, kama ilivyotakiwa. Ya kumi na nne ikavunjika.

"Umeniulia mgonjwa," Otuoma alisema. Alikuwa ameliona kabla yake. "Mahututi ana kikomo chake. Arobaini na tano, kwa boti kubwa."

Alikuwa sahihi, na jasho likamtoka Paskazia mgongoni, jasho lile lile la Bukoba. Bila jaribio lile angepandisha, na siku nyingine mtu angefia gatini kwa ajili ya usafi wake. Saa nane na dakika ishirini na mbili. Akabadilisha fungu dogo lipokee kikomo badala ya kukikariri: safari ikifika mlangoni, itaje aina yake, ipewe namba yake. Safari ya kawaida, thelathini na tano. Mgonjwa mahututi, arobaini na tano.

Vidole vikasimama.

"Msiba kikomo chake ngapi?"

Otuoma akakikazia macho kikombe chake.

"Mzee, haijawahi kuandikwa. Mimi siwezi kuitunga."

Kwenye simu iliyolala mezani ilisikika injini ikiwashwa, na juu yake sauti za akina mama wakianza wimbo wa kanisani. Otuoma alitazama simu ile. Chai ilikuwa imepoa mkononi mwake, naye hakuwa ameonja.

"Thelathini na tano," alisema. "Kama walio hai."

Paskazia akaandika. Majaribio ishirini na saba, yote yakapita; kumi na sita mengine hayakuwa yamezaliwa bado, na hilo walilijua wote wawili na hawakulitaja. Otuoma akavuta kibodi, akaandika neno la siri, akalikosea, akaliandika tena. Mstari wa kupandisha ukaanza kutambaa. Mtandao wa mchana wa Mwanza, ukiuhitaji, unakumbuka kwamba una haki ya kupumzika. Asilimia sitini. Sitini na moja. Saa nane na dakika ishirini na nane.

"Wamefungua kamba ya mbele," simu ilisema.

Sabini na nne. Tisini. Mia.

Ikasikika pumzi ya Shimba. "Nyekundu. Imekuja." Kisha sauti yake, mbali na simu, kubwa kuliko urefu wake: "Nahodha, rudisha kamba. Nimesema rudisha."

Kilichofuata kilikuwa kelele ambazo hazifai kuandikwa hapa, maana wengine walikuwa wamevaa rozari. Mwisho simu ikachukuliwa na mtu mwingine, akajitambulisha kwa ukavu: Masele, baba mdogo wa marehemu.

"Shikamoo, baba," Paskazia alisema.

Masele hakuitikia. "Kaburi limechimbwa tangu asubuhi. Maji haya yamelala kama mtoto aliyeshiba. Nani aliyezuia maiti wetu?"

Paskazia alifungua mdomo. Otuoma akamnyang'anya simu.

"Ni mimi, Otuoma. Nimezuia mimi. Pole sana, ndugu yangu. Upepo uko nje ya jiwe."

"Sisi hatuuoni."

"Mimi ninauona kwenye namba."

"Namba," Masele alisema, na akakata.

Halafu, kama kuwakomoa, namba zikaanza kushuka. Arobaini na moja. Thelathini na nane. Thelathini na saba. Jua liliwaka juu ya bati za Igogo, na kipande cha ziwa kilichoonekana dirishani kilikuwa bapa, kimejaa utakatifu. Shimba alituma ujumbe: wanasema wataniogesha ziwani na nguo zangu. Mwingine: nahodha hajazima injini. Ikifika thelathini na tano, fungu jipya lingewapa kijani, kijani halali kilichoulizwa kila kitu, na boti ingetoka kwenda kule kule nje ya jiwe. Otuoma alikuwa anasali midomo ikicheza, na Paskazia hakumuuliza anaomba ishuke au ipande. Yeye mwenyewe hakujua. Thelathini na sita. Ikakaa hapo dakika saba.

Kisha ikasoma sitini na moja.

Mwanzoni dirisha halikuonesha kitu. Halafu mstari wa maji ng'ambo ukawa mweusi, weusi ukaja mbio, na bati la jirani likaanza kupiga makofi. Simu ikalia. Shimba aliinyoosha yake hewani wasikie: vyuma vya boti vikigongana gatini, nyuma ya kilima kilekile, na mtu akipaza sauti kwamba jeneza litolewe kwanza.

"Wote wako nje," Shimba alisema baadaye. "Jeneza tumelihifadhi stoo ya mizigo. Vijana wamebaki nalo, lakini akina mama wamelowa na hawana pa kukaa. Mzee Masele anauliza kesho saa ngapi."

"Mwambie sijui," Paskazia alisema. "Tutauliza asubuhi."

"Waambie waje hapa," Otuoma alisema. "Sakafu ipo."

Walisukuma meza ukutani. Akina mama walipanda ngazi wakivuja maji, kumi na wawili, wakapeana pole nyingi na wenyeji, wakaketi kwenye mkeka na magazeti. Masele alikuja wa mwisho. Alisimama mlangoni akizitazama kompyuta moja moja, kama mtu anayetambulishwa kwa mashahidi.

"Marahaba," alimwambia Paskazia, kisha akatafuta ukuta wa kuegemea.

Otuoma alikwenda kutafuta sukari. Paskazia, asiyejua afanye nini na mikono yake, alirudi kwenye kiti akaandika kichwa cha jaribio la ishirini na nane: boti ina jeneza, na ndani yake kuna mgonjwa. Mama mzee aliyekuwa karibu na mguu wa meza alimwangalia kwa muda.

"Unafanya nini, mjukuu?"

"Natenganisha maswali, bibi. Yalikuwa yameshikana."

Bibi akakamua pindo la kitenge chake kwenye sakafu ya Otuoma.

"Sogeza huo waya basi," alisema, "ninyooshe mguu."