Ngoma ya Pili

…na kalamu imeshafika mahali pa sahihi, imebaki kuteremka tu, mstari wenyewe uko pale chini ya fomu, jina la mgonjwa Annah Mulwa, umri miaka sabini na mmoja, na juu yake maneno ambayo Nzisa ameyasoma mara nne kana kwamba yatabadilika, alazwe wodini kwa uangalizi wa wiki tatu, sahihi ya daktari wa akili iko tayari, ya Manpreet, ile herufi yake ya kwanza kubwa kama geti la gereji, inangojwa sahihi ya mshauri, yaani yake yeye, na Rachael, bintiye mgonjwa, anasema, "Daktari, mimi sitaki kumtupa mama yangu, unanielewa, lakini soja wa geti amekuja mlangoni mara tatu, majirani wa chini wanasema ni kama tumeweka kinu juu ya vichwa vyao," na Nzisa anaitikia mm, mm, ile mm ya kazi aliyoisomea miaka saba, huku sikio lake la pili, lile ambalo halijasomea chochote, liko kwenye mkono wa kiti cha mbao, ambapo vidole vya mama huyu vinafanya yale yale ya wiki zote tano, ta, ta-ta, kimya, ta, ta-ta, kimya, macho ameyafumba, kitambaa cha kichwa kimeteleza kikafika sikioni, na uso wake, ajabu, hauna shida yoyote, ni uso wa mtu anayengoja chai na anajua itakuja… hupiga vidole mara tatu, husita, hurudia, ndivyo alivyoandika kwenye daftari wiki ya kwanza, na wiki ya pili akaandika vile vile, wiki ya tatu akachoka akaweka alama ya kama hapo juu, na sasa anashangaa ni mtu gani huyu aliyesoma mpaka macho yakahitaji miwani, halafu anaandika kama hapo juu, kama karani wa duka la misumari.

Haya, tulia Nzisa, anza mwanzo, mama ametoka Mwingi mwezi wa tatu baada ya kumzika mumewe, Rachael akamleta hapa Kileleshwa kwa fleti ya ghorofa ya tano, lifti, maji ya moto, televisheni ukutani, na wiki ya pili mama akaanza kutetemeka mchana kweupe, akawa anaimba nyimbo ambazo wajukuu hawazijui, anakanyaga sakafu kwa visigino, ukimshika anakuangalia kama umemkatiza simu, wakampiga picha ya kichwa, safi, damu safi, presha ya kijana, wakampa vidonge akawa analala kitini mdomo wazi, na akiamka anaendelea pale pale alipoachia, na bado huyu huyu mama anajua leo ni Alhamisi, anajua sukuma wiki ya Kawangware na ya hapa chini zinapishana bei vipi, Alhamisi iliyopita pale koridoni, kabla mlango haujafungwa, alimcheka Nzisa usoni, eti msomi mzima unanunua nyanya kwa watu wa Kileleshwa, sasa mgonjwa ni nani hapa… "na mimi nimeokoka, daktari," anasema Rachael, anasugua mkanda wa kibeti chake, "siwezi nikaleta mambo ya kilumi, ngoma za mizimu, kwa nyumba, hata ile ngoma yake niliiacha huko huko nyumbani, nikamwambia mama, hayo tumezika pamoja na baba."

Ngoma. Ngoma gani. Nzisa anainua kichwa na kusikia sauti yake mwenyewe ikiuliza kwa upole wa kazi, "Alikuwa na ngoma?" na Rachael anashangaa, anamtazama kama mtu aliyeulizwa kama mama yake ana miguu, "Si yeye ndiye aliyekuwa akiwapigia wanawake wa kilumi, tangu mimi mdogo," na Nzisa, "Mbona hukuniambia?" na Rachael bila hasira, bila chochote, "Hukuniuliza, daktari, uliniambia ningoje nje." Na ni kweli, wacha tu, ni kweli tupu, kila Alhamisi saa nne alimpokea mama, akamwonyesha binti benchi la koridoni, akafunga mlango, akageuza kile kibao cha tafadhali usisumbue, maana hapa ni siri, hapa ni wewe na mimi tu mama, sema lolote, na mama akawa hasemi lolote, anapiga vidole, na leo Rachael yumo ndani kwa sababu tu fomu inataka shahidi wa familia, na leo vidole vinapiga kwa nguvu kuliko siku zote, ehe, hilo nalo hukuliona, mwenye miwani… yaani umemtoa mtu kwenye uwanja wa watu hamsini, ukamfungia peke yake na mgeni, halafu ukaandika kwamba hasemi, nyanya yake Nzisa angekunywa uji wote wa siku hiyo akicheka.

Nyanya yake. Hapo sasa. Ta, ta-ta, kimya, na ile miaka thelathini na saba inafunguka kama mlango usiokuwa na komeo, likizo ya Desemba, baba mtumishi wa serikali anamtoa nyumbani Woodley na sanduku dogo na viatu vya Bata, anamwacha kwa mama yake huko ukambani, kwa Syombua, mundu mue, mganga ambaye watu walitembea siku mbili kumfikia, ambaye alimwaga mbegu kutoka kwenye kibuyu akazihesabu huku akikuuliza habari za mbuzi wako na mkwe wako na ule ugomvi wa mpaka, na ulipomaliza kujibu ulikuwa umeshajua mwenyewe kinachokuuma, na Nzisa alipofika darasani chuoni pale mjini akafundishwa jambo lile lile kwa jina refu hakunyoosha mkono, akanakili… na jioni za kilumi, la, hazikuwa jioni, ilikuwa alasiri, jua likiwa mgongoni, wanawake wazee wanafika na shanga zao na ugoro wao na vicheko vyao vya nguvu, mgonjwa anakalishwa katikati, hakuna anayemuuliza kitu, hakuna wa kumwambia nyamaza, wanasema aimu, wazee waliotangulia, wanamwita, na anayeitwa haitiki peke yake, anaitikiwa na watu, ndiyo kanuni, mmoja akitetemeka wote wanatoa jasho, na Nzisa wa miaka tisa na magoti yake meusi kwa vumbi anawekewa ile ngoma ndogo katikati ya miguu, Syombua anamshika viganja, anasema, hii kubwa inaita, hii yako inajibu, ukilala inaita bure.

"Dawa zikiongezwa labda," anasema Rachael, "sijui, wewe ndiye unajua," na Nzisa mm, mm, huku moyo unapanda, unapanda kwa furaha ambayo haijapata ruhusa, na palepale inakuja ile nyingine, ile anayoiogopa, Jumapili ya wazazi kidato cha kwanza, shule ya wasichana yenye nyasi zilizokatwa, Syombua anashuka kutoka nyuma ya pikapu ya maembe na bangili zake mpaka kiwiko, amebeba kuku wa kukaanga kwenye kitambaa, na wasichana wanauliza, nani huyo, na Nzisa anasema, jirani yetu, anasema hivyo kwa sauti safi, jirani yetu wa nyumbani, na Syombua amesikia, yuko hatua tatu tu, na anacheka kile kicheko chake, anawaambia wale wasichana kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Ndiyo, mimi ni jirani, leteni sahani," na wakala kuku wote, wakampenda, wakauliza muhula mzima jirani atakuja lini tena, na hakuja, alikufa Agosti ya mwaka uliofuata, na tangu siku hiyo kila fomu iliyouliza kazi ya mababu Nzisa ameandika mkulima, mkulima, mkulima, na leo ana diploma tatu ukutani na hakuna hata moja inayomjua.

Inauma, ndiyo, inauma mpaka anaikaza kalamu, lakini ajabu ni kwamba haimuumi kama alivyodhani, ameibeba miaka yote hiyo kama chungu cha uji wa moto, na sasa anachungulia ndani anakuta ni kuku na vicheko, jirani, leteni sahani, jamani yule mwanamke, alimsamehe kabla hajamaliza kusema… lakini ngoja, usijidanganye pia, wewe ni mtu wa kazi, huwezi kumnyima mtu wodi kwa sababu umekumbuka nyanya yako, kuna watu wanatetemeka na ni ugonjwa, umewaona, umewashika mikono, na dawa imewarudisha kwa watoto wao, kwa hiyo angalia vizuri, uliza vizuri, na asubuhi hii Manpreet alipiga simu kutoka ofisini kwake mjini akasema, "Nzisa, mimi nimesaini kwa sababu umeniambia hakuna mabadiliko, kama kuna kitu unakijua na mimi sikijui, usisaini," kisha akamkumbusha kisa cha nyanya yake mwenyewe, aliyekaa miezi minne bila neno baada ya kufiwa, wakamhangaisha kila hospitali, mwisho shangazi mmoja akampeleka gurudwara, hekalu lao la Masingasinga, akamkalisha jikoni kwa wanawake wanaopika chakula cha wote, akampa kisu, na bibi kizee akaanza kuongea akiwa kwenye gunia la pili la vitunguu, na la kwanza kusema lilikuwa kwamba wenzake wanakata vipande vikubwa mno, na walicheka kwa simu wote wawili, na Nzisa akakata simu akaenda kutafuta kalamu, ona sasa akili za watu.

Kwa hiyo angalia. Anaangalia. Vidole vya Annah, kucha fupi, kovu la jembe kwenye cha shahada, ta, ta-ta, halafu kimya, na huu ukimya alioupa jina la kusita, wiki tano, huu ukimya una urefu, hauongezeki haupungui, mtu anayesita hasiti kwa kipimo, na kidevu cha mama kinashuka kidogo ndani yake, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni, tafadhali pita, na hakuna anayepita, na anarudia tena bila kukasirika, tafadhali pita, wiki tano, mara ngapi kwa saa, Mungu wangu, mama huyu hajasita hata mara moja, mama huyu anapiga ngoma kubwa, ameacha nafasi ya ndogo, inaita bure na hajakata tamaa… na kisigino cha Nzisa kimeshajua, kilijua kabla yake, kiko juu ya zulia ndani ya kiatu cha ofisini, na anaona aibu, anaona ujinga, anamwona profesa wake, anaziona diploma zake, na kimya kile kinakuja tena kikiwa wazi kama kiti kitupu, na kisigino kinashuka, tu-tu.

Kidogo tu, zulia limekula nusu ya sauti. Lakini vidole vya Annah vimesimama hewani, kisha vinashuka polepole kana kwamba vinajaribu maji, ta, ta-ta, na Nzisa, tu-tu, na ta, ta-ta, na mkono wake wa kushoto umeingia mezani, kiganja, kama alivyofundishwa, usipige kwa kucha mtoto wewe si kuku, tu-tu, na anacheka, anasikia anacheka, na mama hatetemeki, anayumba tu mabegani kama anayetingisha mtoto, na Rachael ameacha kusema juu ya soja, mdomo wazi, na kibeti kiko magotini, na vidole vyake viwili, vya Rachael aliyeokoka, vinagonga ile ngozi ya kibeti pale pale katikati, mahali ambapo kwenye kilumi huingia makofi ya wanawake, na hajui kwamba vinagonga, Nzisa hamwambii, akiambiwa atavificha, tutazungumza hayo, tutazungumza na kanisa lake pia ikibidi, tutatafuta alasiri na uwanja na wanawake, Nairobi hii haikosi wanawake wa kutoka Mwingi, na vidonge atavipima Manpreet, hiyo ni kazi yake, na mlango, kwanza mlango, kile kibao kitoke.

Fomu bado iko mezani, mstari bado mweupe, kalamu imeviringika mpaka ukingoni na hakuna anayeiangalia, nje bodaboda inapiga honi vile vile kama dakika kumi zilizopita, na Annah Mulwa anafungua macho, anamtazama Nzisa kwa mara ya kwanza, si miwani, yeye, anauliza kwa Kikamba, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Wewe ni mtoto wa nani?" na kiganja cha Nzisa hakisimami, tu-tu, anajibu kwa Kikamba chake cha Desemba, kwa sauti inayofika koridoni, "Wa Syombua, mundu mue. Mimi ni mjukuu wake." Mama anafikiri, anatikisa kichwa.

"Simjui," anasema. "Lakini unachelewa kidogo. Rudia."