Sakafu ya Kanisa la Iyolwa

Harufu ndiyo aliyoikosa kwanza. Akurut aliingiza kichwa mlangoni mwa kanisa jipya, akavuta pumzi, akavuta tena. Kuta za matofali zilikuwepo, mabati yalikuwepo, lakini sakafu ilikuwa ya kijivu na haikunukia kitu.

"Haina harufu," Akurut alimnong'oneza Mama Aboth.

"Basi wametuachia sisi," alijibu yule bibi, akatua ndoo yake. "Wanaume wamepiga chini, sisi napaka. Ndiyo kazi. Kwani hujui?"

Akurut alijua. Hata kanisa la kwanza, kibanda ambacho Mzee Omaido alikijenga aliporudi kutoka kazi ya reli huko Nakuru, amebatizwa na Wapresbiteri, lilisiribwa hivyohivyo. Watu walimcheka Omaido wakati ule, wakimwuliza kama Wakatoliki na Waanglikana hawakumtosha. Upepo ulipokibeba kibanda, wakajenga kanisa la udongo na nyasi, Wateso na Wapadhola pamoja, na kila Jumamosi wanawake walisiriba sakafu kwa samadi na udongo, kila mmoja upande wake, wakirudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Upande wa mlangoni ulikuwa wa Amoit, mama yake Akurut. Amoit alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo michirizi ya vidole vyake ilipinda kuelekea ukutani wakati ya wenzake wote ilipinda kuelekea mlangoni. Alipougua, Akurut aliacha shule darasa la tatu ili amwuguze. Alipofariki, Akurut alichukua ndoo na upande wake. Hakuna aliyemwuliza lolote, naye hakuwa msichana wa kujisemea.

Walianza mbele, chini ya mimbari, wakisiriba na kutaniana.

"Mchungaji kesho atakaa kama mfalme," alisema mmoja.

"Atelezee hapa tucheke!"

Huko mbele sakafu ilikuwa ngumu kama jiwe. Walipofika mlangoni wakakuta magunia yaliyolowa yametandikwa juu ya sakafu. Mama Aboth aliyavuta na kuyatupa nje. Akurut akapiga magoti kizingitini, akanyoosha mkono wa kushoto, akapaka. Vidole vilizama kidogo. Alifikiri ni udongo mzuri tu.

Hakuwa amesimama bado alipomsikia Fundi Egesa akipiga kelele njiani. Egesa alikuwa ametoka Busia kuja kumwaga saruji, na sehemu ya mwisho aliimaliza asubuhi ileile.

"Nani katoa magunia yangu? Mama, mmefanya nini?"

"Tumemaliza kazi yako," alisema Mama Aboth. "Shukuru."

"Saruji haisiribwi! Ikikauka na alama imekwisha, hapo hapo!"

Mzee Omaido alikuja mbio, akashika kichwa. "Mavi ya ng'ombe! Juu ya saruji ya Tororo! Na mchungaji anakuja kesho!"

Wanawake waliangaliana. Mama Aboth ndiye aliyeanza kucheka, wenzake wakafuata, mpaka Omaido mwenyewe akageuza uso pembeni ili asionekane. Wakachota maji kisimani wakaosha, wakasugua kwa mafagio, na saruji ikatokea tena, kijivu na safi. Isipokuwa mlangoni. Pale palibaki michirizi ya vidole, imepinda kuelekea ukutani, na ilikuwa imeanza kukauka.

"Imeharibika," alisema Omaido. "Fundi, una saruji?"

"Inatosha kujazia. Dakika chache tu."

Egesa alichanganya saruji, akachukua mwiko wake, akachuchumaa. Akurut alisimama na ndoo tupu. Kanisa la nyasi lingebomolewa Jumatatu, na sakafu yake ingekuwa shamba. Mwiko ulishuka.

"Fundi, usijaze."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini wote waligeuka, kwa kuwa hawakuizoea.

"Unasema nini, binti yangu?" aliuliza Omaido.

"Hapo ni mahali pa mama."

Omaido aliinama akaitazama michirizi. Aliitazama kwa muda mrefu, huku akiifuatisha kwa kidole hewani, bila kuigusa.

"Amoit," alisema polepole. "Ndivyo alivyokuwa anasiriba."

Egesa alimwangalia mzee, akamwangalia msichana, kisha akaufuta mwiko kwenye suruali yake na kuurudisha mfukoni.

"Lakini huyu binti si wa kushoto," alisema Mama Aboth. "Nimeona yeye nalima, nakula, yote kwa kulia. Akurut, sema. Kwa nini hapa wewe nabadilisha mkono?"

Akurut aliweka ndoo chini.

"Kila Jumamosi nilikuwa natumia mkono wake," alisema, "ili Jumapili tukiingia, awe amefika kabla yetu."